Namna ya Kufuatilia Nasaba ya Seli ya Neva katika Ubongo wa Binadamu

Mtu akiweka chini ya hadubini kipande chembamba cha ubongo mdogo, yaani ule ulioko nyuma karibu na kisogo, ataona majirani wawili wasiofanana hata kidogo. Mmoja ni seli ya Purkinje, kubwa, yenye matawi mengi yaliyotandaa upande mmoja tu kama upepeo wa ukili, na matawi hayo hupokea ishara kupitia sinapsi, yaani maungio ya seli na seli, zaidi ya 100,000. Mwingine ni seli ya punje, ambayo ni miongoni mwa seli ndogo kabisa za ubongo na ina vitawi vinne au vitano vifupi. Ya kwanza huzuia seli inayoifuata kwa kutumia kemikali iitwayo GABA. Ya pili huisisimua kwa glutamati. Hata hivyo zote mbili zimebeba jeni zilezile, takriban 20,000 zenye maagizo ya kutengeneza protini, na zote zimetokana na yai moja lililorutubishwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa biolojia au wa udaktari, pamoja na mwalimu wake, ambaye anataka kuelewa tofauti hiyo ilivyozuka badala ya kuikariri. Mimi nilipokuwa mwanafunzi tulipewa jedwali la aina za seli za neva tukalikariri usiku kucha kabla ya mtihani, na wiki mbili baadaye hapakuwa na aliyekumbuka hata mistari mitatu. Jedwali la namna hiyo leo lisingewezekana kabisa. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, na ramani kubwa iliyochapishwa mwaka 2023, baada ya kuchunguzwa viini vya seli zaidi ya milioni tatu kutoka maeneo yapatayo 100 ya ubongo, ilizigawa seli hizo katika makundi 461 na vikundi vidogo zaidi ya 3,000. Hakuna kichwa kitakachoshika orodha hiyo. Kinachoshikika ni njia iliyoizaa.

Ukikutana na mgeni barazani, kazi yake huijui mpaka umeshajua kwao ni wapi, ni mtoto wa nani na alifikaje hapa. Seli ya neva iulizwe vivyo hivyo: ilizaliwa wapi, ilizaliwa lini, mama yake aligawanyikaje, ilisafiri kwa njia gani, na ilipofika ilimkuta nani. Majibu ya maswali hayo matano, yakipangwa pamoja, ndiyo aina yenyewe ya seli. Chukua daftari, ligawe ukurasa katika safu tano, na kila seli utakayokutana nayo masomoni uiandikie mstari wake.

Anza na mahali

Swali la kwanza ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa hiyo nashauri ulifanyie kazi kwa mikono kabla ya kulisoma kitabuni. Tafuta karatasi nyeupe na kalamu za rangi tano. Laza karatasi mezani, kisha katikati yake, kwa urefu, chora mstari mnene mwekundu. Kwenye kingo zote mbili ndefu chora mstari wa buluu. Kati ya nyekundu na buluu, kila upande, chora mistari mitatu ya rangi nyingine, ukihakikisha kuwa kulia na kushoto mpangilio ni uleule kuanzia katikati kwenda nje. Hilo ndilo bamba la neva, ambalo katika kiinitete cha binadamu hujitokeza katika wiki ya tatu baada ya mimba kutungwa. Sasa inua kingo mbili za buluu mpaka zikutane juu. Umepata bomba: wekundu umekuwa sakafu, ubuluu umekuwa dari, na rangi nyingine zimepangika ukutani kama matabaka. Kwa binadamu bomba hilo huwa limefungwa kabisa kufikia takriban siku ya 28.

Rangi ulizochora zinawakilisha kemikali halisi. Chini ya bomba upo ufito uitwao notokodi, na ufito huo, pamoja na sakafu yenyewe ya bomba, hutoa protini inayojulikana kwa kifupi kama SHH. Dari nalo hutoa protini za jamii ya BMP na WNT. Protini hizi husambaa kutoka zilikotengenezwa na kiwango chake hupungua kadiri zinavyokwenda mbali, kama harufu ya kitunguu kinachokaangwa: aliyekaa kando ya jiko anawashwa macho, aliye sebuleni anaisikia vizuri, na aliye barazani anaihisi kwa mbali. Seli iliyoko ukutani mwa bomba hupima kiasi inachopokea na muda ilioendelea kukipokea, kisha huwasha jeni zinazolingana na kipimo hicho. Kazi kubwa ya kulithibitisha jambo hili ilifanywa na Thomas Jessell na wenzake mjini New York katika miaka ya 1990, wakichunguza sehemu ya bomba inayokuja kuwa ugwe mgongo.

Lisogelee jambo hili kwa karibu, maana hapa ndipo wanafunzi wengi hupita mbio. Seli zilizo karibu kabisa na sakafu hupata SHH kwa wingi na kwa muda mrefu, zikawasha jeni ya NKX2.2, na watoto wao wakawa aina mojawapo ya seli za kati za kusisimua, yaani zinazounganisha seli nyingine za neva. Zilizo juu kidogo hupata kiasi cha wastani, zikawasha OLIG2, na watoto wao wakawa seli zinazoamrisha misuli. Zilizo juu zaidi hubaki na PAX6 bila hizo mbili, na kuzaa seli za kati za aina nyingine. Lakini kiwango cha kemikali hupungua polepole, ilhali mipaka ya aina za seli ni mikali. Sababu ni kwamba jeni hizi hukomeshana: penye NKX2.2 nyingi OLIG2 huzimwa, na penye PAX6 nyingi NKX2.2 haipati nafasi. Seli iliyo mpakani hulazimika kuchagua upande mmoja, na ikishachagua hujifungia humo.

Kwamba seli hupokea agizo kutoka kwa majirani ni jambo lililojulikana zamani. Mwaka 1924 Hilde Mangold na Hans Spemann, huko Ujerumani, walieleza jinsi walivyokata kipande kidogo cha kiinitete cha salamanda na kukipandikiza kwenye tumbo la kiinitete kingine. Mwenyeji aliota mhimili wa pili, wenye bomba lake la neva, na sehemu kubwa ya bomba hilo ilitokana na seli za mwenyeji mwenyewe ambazo zilikuwa zimekusudiwa kuwa ngozi. Spemann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935. Mangold alikuwa amefariki mwaka uleule wa 1924.

Rudi kwenye bomba lako la karatasi na uligawe kwa urefu. Mwisho mmoja andika mbele, mwingine nyuma. Mbele hutokea vifuko vitatu, kisha vitano, ambavyo ndivyo sehemu kuu za ubongo. Nyuma hubaki ugwe mgongo. Kila eneo lina jeni zake za utambulisho: FOXG1 huwaka katika kifuko cha mbele kabisa, OTX2 huenea mbele na katikati, na jeni za jamii ya HOX huanzia ubongo wa nyuma na kushuka kwenye ugwe mgongo. Kwa hiyo seli mama yoyote ina anwani yenye sehemu mbili, yaani mbele au nyuma na sakafuni au darini, na kila anwani ina watoto wake. Seli za dopamini ambazo hufa katika ugonjwa wa Parkinson, kwa mfano, huzaliwa sakafuni mwa ubongo wa kati. Ukikosea anwani, hata maabara, utapata seli nyingine.

Kabla hujaendelea, tazama mahali ambapo bomba la karatasi linakataa kufunga vizuri. Bomba halisi likishindwa kufunga upande wa nyuma, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Kwa kuwa kazi hii humalizika mama akiwa na mimba ya wiki nne tu tangu kutungwa, wakati ambao wengi hawajajua hata kama ni wajawazito, asidi ya foliki ya mikrogramu 400 kwa siku hupendekezwa ianzwe kabla ya kushika mimba. Na ndiyo sababu Tanzania na Kenya zikaweka masharti ya kuiongeza kwenye unga unaosagwa viwandani.

Kisha uliza wakati

Mahali pakishajulikana, saa huanza kuhesabu. Sehemu nzuri ya kujifunzia wakati ni gamba la ubongo, ambalo lina matabaka sita na seli za neva zipatazo bilioni 16.

Ukuta wa bomba katika eneo hili hujengwa na seli mama ndefu ziitwazo glia radiali. Mguu wa kila moja umekanyaga ukingo wa ndani, kwenye chumba cha maji ya ubongo, na mkia wake umenyooka mpaka uso wa nje. Kiini chake hakitulii. Wakati wa kunakili DNA hupanda mbali na chumba cha maji. Ukifika wakati wa kugawanyika hushuka hadi ukingoni kabisa, na mgawanyiko hufanyika pale majini. Ukitazama kipande kimoja kilichokaushwa utaona viini vimekaa juu, chini na katikati, na unaweza kudhani ni aina kadhaa za seli. Ni aina moja, kila moja ikiwa katika saa yake.

Seli changa ikizaliwa hupanda kwa kushikilia mkia wa mama, kama mkwezi na mnazi. Pasko Rakic alilionyesha hilo kwa nyani katika miaka ya 1970. Wa kwanza kuzaliwa huweka makao ya chini, tabaka la sita. Wanaofuata huwapita na kukaa la tano. Wengine huwapita hao pia, mpaka tabaka la pili. Ni kama jengo la ghorofa ambalo kila mpangaji mpya hupita mbele ya milango ya waliotangulia ili akakae juu yao. Mpangilio huo uligunduliwa kwa panya mwaka 1961 na Jay Angevine na Richard Sidman, ambao walimpa panya mjamzito thaimidini, ambayo ni kijenzi cha DNA, yenye haidrojeni ya mnururisho: seli iliyokuwa ikinakili DNA kwa mara ya mwisho siku hiyo ilibaki na alama, na baadaye walitazama imeishia tabaka gani.

Kwa binadamu kipimo hicho hakiwezekani, lakini historia ilijileta yenyewe. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, kabla ya mkataba wa mwaka 1963, yaliongeza hewani kaboni-14, yaani kaboni yenye mnururisho. Baada ya hapo kiwango kikawa kinashuka mwaka hadi mwaka. Mimea iliivuta, watu wakaila, na DNA ya kila seli ikabaki na kiwango cha mwaka ambao seli ile iligawanyika kwa mara ya mwisho. Kikundi cha Jonas Frisén cha mjini Stockholm kilitumia hesabu hiyo na kuonyesha, mwaka 2006, kwamba seli za neva za gamba la ubongo zina umri sawa na mwenye nazo. Sijui kama ipo saa nyingine katika biolojia iliyotegeshwa kwa namna ya ajabu kama hiyo.

Katika safu ya wakati, basi, usiandike tarehe tu; andika pia nani alitangulia na nani alifuata, kwa sababu seli mama yenyewe hubadilika kadiri inavyoendelea kuzaa. Susan McConnell alilichunguza jambo hili kwa wanyama wadogo wa jamii ya kicheche. Alichukua seli mama changa, ambazo zamu yake ilikuwa kuzaa wa matabaka ya chini, akazipandikiza katika ubongo uliokuwa ukizalisha wa matabaka ya juu. Zilizohamishwa mapema, kabla ya mgawanyiko wa mwisho, zilifuata desturi ya wenyeji na watoto wao wakaenda juu. Zilizohamishwa zikiwa zimeshapita hatua hiyo zilibaki na desturi za kwao. Kwa maneno mengine, kuna dirisha ambalo mazingira bado yanasikilizwa, na dirisha hilo hufungwa karibu na mgawanyiko wa mwisho.

Kwa panya kazi nzima ya kuzaa seli za neva za gamba huchukua takriban wiki moja. Kwa binadamu huanza mwezi wa pili wa ujauzito na kwa sehemu kubwa huwa imekwisha kabla ya mwezi wa saba kwisha. Urefu huo wa muda ni sehemu ya jibu la kwa nini gamba letu ni kubwa hivyo.

Mama na dada

Safu ya tatu inahusu namna mama alivyogawanyika. Mwanzoni glia radiali hugawanyika na kutoa mabinti wawili wanaofanana na mama, na hivyo ukuta hutanuka. Baadaye hutoa mmoja anayebaki kuwa mama na mwingine anayekwenda kuwa seli ya neva, au anayekuwa mama mdogo ambaye atagawanyika mara chache tu kabla ya kuishiwa. Mazungumzo ya dada hawa hupitia protini iitwayo Notch: anayeanza kuelekea kuwa seli ya neva humshikilia jirani asimfuate, na kwa njia hiyo akiba ya mama haimaliziki siku moja.

Mambo mawili ya binadamu yaandikwe hapa. Mwaka 2010 ilionekana wazi kuwa kijusi cha binadamu kina glia radiali nyingi za nje, zilizokata mguu wao kutoka kwenye chumba cha maji na kuhamia juu zaidi, ambako huendelea kuzaa kwa wingi seli za matabaka ya juu. Na mwaka 2018 vikundi viwili vya watafiti vilieleza jeni za NOTCH2NL, ambazo sokwe hawana nakala zake zinazofanya kazi. Jeni hizi hurefusha muda ambao seli mama inabaki kuwa mama.

Safari

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kuwa seli hukaa juu ya mahali ilipozaliwa. Sivyo. Seli nyingi za kuzuia zilizomo katika gamba la ubongo ni wahamiaji, waliozaliwa chini, katika vilima vya muda vinavyojitokeza sakafuni mwa kifuko cha mbele, wakatambaa kwa upande wakikata njia za wenzao wanaopanda wima. Mwaka 1997 ilionekana kuwa panya waliokosa jeni za Dlx1 na Dlx2 walikuwa na upungufu mkubwa wa seli za GABA kwenye gamba, jambo lililothibitisha kuwa zilitoka mbali. Kilima cha katikati hutoa zile zenye protini iitwayo parvalbumini na zile zenye nyingine iitwayo somatostatini. Kilima cha nyuma hutoa, pamoja na wengine, zile zenye VIP. Kwa binadamu safari hii haikomi siku ya kuzaliwa: mwaka 2016 watafiti walieleza seli changa za kuzuia ambazo ziliendelea kuhamia sehemu ya mbele ya ubongo wa mtoto mchanga kwa miezi kadhaa.

Hapa sina budi kukutahadharisha. Vitabu vingi vinafundisha kuwa mama wa gambani huzaa za kusisimua tu, na mama wa vilimani huzaa za kuzuia tu. Kwa panya kanuni hiyo inashika vizuri. Lakini mwaka 2022 ilionyeshwa kuwa seli mama moja ya gamba la binadamu, ikikuzwa maabara, inaweza kuzaa aina zote mbili. Andika kanuni kwa wino na ubaguzi wake kwa penseli pembeni, maana kazi bado inaendelea.

Safu ya tano, ya nani alikutwa, ni fupi kuandika ingawa ni ndefu kutafiti. Seli hufika zikiwa nyingi kupita kiasi, na zisizopata uhusiano hufa. Kwa panya karibu 40% ya seli za kuzuia za gamba hupotea kwa njia hiyo. Zinazobaki hukamilisha tabia zao kutokana na shughuli za umeme zinazowazunguka. Parvalbumini yenyewe huchelewa kuonekana, kwa hiyo ukiitafuta katika data ya kijusi hutaipata hata pale mwenye kuja kuwa nayo anapokuwepo. Huko ni kukosea kwa mtu anayemtafutia mtoto ndevu.

Kusoma jedwali la jeni

Siku hizi si lazima umiliki hadubini ili kufanya kazi hii. Watafiti hutenganisha viini vya seli kimoja kimoja, husoma RNA, yaani nakala za jeni zilizowashwa, iliyomo katika kila kiini, na hupata jedwali: mistari ni seli, safu ni jeni, na kila kisanduku kina idadi ya nakala zilizohesabiwa. Majedwali mengi ya namna hiyo yamewekwa wazi kwenye intaneti, na sehemu ndogo yake inaweza kufunguliwa kwa kompyuta ya kawaida. Fuata utaratibu huu.

Kwanza hakikisha kuwa ni seli ya neva, si glia, yaani seli saidizi za ubongo. Jeni kama SNAP25 zitakusaidia. Pili, tafuta kemikali yake: SLC17A7 au SLC17A6 ni dalili ya glutamati, GAD1 na GAD2 ni dalili ya GABA, TH pamoja na SLC6A3 ni dalili ya dopamini. Tatu, tafuta anwani: FOXG1 itakuambia mbele, HOX itakuambia nyuma. Baada ya hapo ndipo utafute jeni za ndani ya eneo.

Tuseme umepata seli yenye SNAP25, FOXG1, GAD1, LHX6 na SST. Ni ya mbele, ni ya kuzuia, na LHX6 ni alama ya waliozaliwa katika kilima cha katikati. SST ni somatostatini yenyewe. Basi, hata kama kipande kilikatwa gambani, katika safu ya mahali usiandike gamba. Andika kilima, na katika safu ya safari andika kwamba ilitambaa kwa upande. Tuseme nyingine ina SNAP25, FOXG1, SLC17A7, SATB2 na CUX2. Hiyo ni ya kusisimua, imezaliwa ukutani palepale, imepanda wima, na ni ya matabaka ya juu, kwa hiyo ilizaliwa miongoni mwa wa mwisho. Kama badala ya CUX2 ungekuta TBR1 kwa wingi, ungeelekea tabaka la sita na miongoni mwa wa mwanzo. Lakini usichukue jeni moja kama cheti cha kuzaliwa. SATB2 na BCL11B, ambazo katika panya mzima hutenganishwa vizuri, hukutana katika seli moja katika hatua fulani za ukuaji. Daima soma jeni tatu au nne kwa pamoja.

Jambo lililowashangaza wengi katika ramani ya mwaka 2023 ni kwamba gamba, ambalo ndilo tunalojivunia, silo lenye aina nyingi kuliko sehemu zote. Wingi mkubwa wa aina ulikutwa katika ubongo wa kati, haipothalamasi na shina la ubongo, sehemu za kale ambazo tunashirikiana na samaki na ndege. Mtu aliyefuata mwongozo huu hatashangaa sana: huko ndiko bomba lilikogawanywa katika anwani nyingi zilizobanana, kila moja na watoto wake, ilhali gamba ni eneo moja lililotanuka mno.

Palipoharibika

Safu tano hizi zinasaidia pia kusoma maradhi. Virusi vya Zika, vilivyotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, huvamia glia radiali. Seli mama ikifa mapema, seli za neva hazizaliwi, na ndiyo sababu mlipuko wa Brazil wa mwaka 2015 ulifuatiwa na watoto wenye vichwa vidogo. Hasara hiyo iko katika safu ya tatu. Hitilafu katika jeni za LIS1 au DCX, kwa upande mwingine, huziacha seli changa zikizaliwa lakini huzivuruga njiani, na gamba linakuwa laini lisilo na mikunjo ya kawaida: safu ya nne.

Zoezi la mwisho

Rudi sasa kwa wale majirani wawili wa ubongo mdogo na uwajazie mistari yao. Seli ya Purkinje: mahali, ukuta wa ndani wa chumba cha nne cha maji, kwa mama mwenye PTF1A. Wakati, mapema. Safari, fupi, kupanda wima. Seli ya punje: mahali, ukingo ulio jirani kabisa na dari, ambako BMP ni nyingi na mama ana ATOH1. Safari yake ni ya ajabu, kwa sababu mama hao hutoka ukingoni na kutambaa juu ya uso wa ubongo mdogo, wakaufunika kwa tabaka zima, wakagawanyika huko nje kwa muda mrefu, ndipo watoto wakashuka ndani na kuwapita Purkinje kuelekea chini.

Safu ya tano ndiyo itakayokupa shida, kwa hiyo nakuonyesha. Seli ya Purkinje, ikishakaa mahali pake, hutoa SHH, protini ileile iliyokuwa sakafuni mwa bomba ulilolikunja kwa karatasi. Safari hii protini hiyo haiulizi anwani ya mtu. Inawaambia mama wa punje walioko juu waendelee kugawanyika, na hao hugawanyika mpaka kufanya sehemu kubwa ya seli za neva bilioni 69 za ubongo mdogo. Njia hiyo ya SHH ikikosa breki, baadhi ya watoto hupata saratani ya ubongo iitwayo medulloblastoma. Ikienda sawa, tabaka la nje hupungua taratibu na kuisha katika mwaka wa kwanza au wa pili baada ya kuzaliwa, yaani katika kipindi kilekile ambacho mtoto anajifunza kukaa, kusimama dede na kupiga hatua. Kwenye safu ya wakati ya seli ya punje, andika hivyo.